Usisubu chubwi uani

Kwa miaka mingi kaka yangu alikuwa akisubu chubwi za mishipi, vile vizito vya kuzamishia ndoana, chini ya mwarobaini wa uani kwetu, Sahare, hapa Tanga. Betri mbovu ya gari inapasuliwa, sahani zake zinatiwa kwenye sufuria kuukuu juu ya mafiga, risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, ikishayeyuka na kung'aa inamiminwa kwenye vishimo vya mchanga mbichi. Lile povu la kijivu linaloelea juu lilikuwa likimwagwa papo hapo, karibu na kamba ya kuanikia nguo.

Siku moja nikamkuta mwanangu, hajatimiza miaka miwili, amekaa hapo anachota mchanga kwa kijiko, analamba vidole. Nilimnyanyua mbiombio. Jioni nikamwambia kaka sitaki tena kuona sufuria ile. Akanijibu, "Mdogo wangu, babu kafanya hivi mpaka kazeeka."

Babu alikuwa mtu mzima. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile, na inamwingia wakati ubongo wake ndio kwanza unakua. Udongo ukishashika risasi, haiozi. Inakaa pale juu juu, miguu inaipandisha sebuleni, upepo unaifikisha kitandani. Kule Thiaroye, pembeni mwa Dakar nchini Senegali, watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha udongo wakitafuta risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walizika watoto 18. Nilimsimulia kaka habari hiyo, akanyamaza kimya. Siku hizi nyavu zake anazitia mawe na vipande vya nondo.

Pale chini ya mwarobaini tulimwagia maji kwanza vumbi lisiruke, kisha tukapiga zege. Mchicha wangu nimeuhamishia upande wa pili. Ndani sianzi na fagio la chelewa, maana linarusha vumbi likatue kwenye vyombo. Napiga deki kwa tambara bichi, na madirishani pia, kwa sababu watoto hushika pale halafu mkono unaenda mdomoni. Nguo za kazi nazifua peke yake. Mikono ya mtoto inaoshwa kwa sabuni kabla hajala, na simwachi na njaa: tumbo tupu hufyonza risasi zaidi, vilevile mwili uliopungukiwa madini ya chuma na kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na miba yao, maziwa, maharage, vyote vinasaidia.

Wavuvi, nawaomba sana, msibane chubwi kwenye mshipi kwa meno. Koleo dogo linatosha.

Na kama uani kwenu betri zimewahi kupasuliwa, mwambie daktari hivyo hivyo waziwazi, umwulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu ya mtoto. Usingoje aumwe tumbo au apate degedege, kwa kuwa wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Mama mjamzito naye aseme, kwani risasi iliyojificha mifupani mwake humfikia mtoto aliye tumboni.