Mba inatulia, kisha inarudi

SWALI: Shikamoo dokta. Mba imenisumbua miaka sasa. Nimepaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mwarobaini, nimesugua ndimu, saluni napigwa stimu kila mwezi. Inatulia, kisha inarudi. Siku hizi ngozi inabanduka hadi pembeni mwa pua na kwenye nyusi, inawasha, na pameanza kuwa peupe. Dukani nilipewa krimu, nikipaka panatulia siku mbili tatu tu. Binti yangu wa miaka 6 naye ana duara lisilo na nywele kisogoni. Naogopa nimemwambukiza kwa kitana.
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kichwa, pua na nyusi kwa pamoja ni ugonjwa mmoja, wala hautokani na uchafu. Kuna fangasi aitwaye Malassezia anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima, na chakula chake ni mafuta ya ngozi. Ndiyo maana hupenda kichwani, usoni na katikati ya kifua. Kwa baadhi yetu ngozi haimvumilii: inawasha na kumeguka magamba. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, yanaonekana mabaka meupe kama hayo yako. Rangi itarudi taratibu ugonjwa ukitulia, kwa hiyo usiguse mkorogo.

Sasa mafuta. Hapa ndipo wanawake wengi tunapojiumiza. Ukiona kichwa kinatoa unga unadhani kimekauka, unakimiminia mafuta, unasuka juu yake. Magamba yanalala, unaamini umepona, kumbe fangasi amelishwa. Paka mafuta kwenye nywele zenyewe, kuanzia katikati hadi nchani, ngozi ya kichwa uiache. Ndimu acha kabisa, inachoma ngozi ambayo umeshaikwaruza kwa kucha.

Famasi omba shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Wengi wanaipiga povu na kuisuuza papo hapo, halafu wanasema haifanyi kazi. Gawa nywele mafungu, ifikishe kwenye ngozi yenyewe, sugua kwa ncha za vidole, kaa nayo dakika 5 ndipo usuuze. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki kwa wiki 4. Kama nywele zako ni kavu na zinakatika, mara 1 inatosha, umalizie kwa kondishena kwenye ncha. Ukiwa umesuka, itie kwenye chupa yenye mdomo mwembamba uipitishe kwenye mistari, kisha kausha kichwa hasa kabla ya kujifunga mtandio. Povu hilohilo pitisha kwenye nyusi na pembeni mwa pua, macho umefumba. Kichwa kikishatulia endelea nayo mara moja kila wiki moja au mbili. Ugonjwa huu hutulizwa, haung'oki, na ni heri ulijue hilo kuliko kumaliza fedha kwa anayekuahidi dawa ya mara moja.

Ile krimu, soma mrija wake. Ukikuta klobetasoli au betamethasoni, usoni usipake tena. Inatuliza kweli, lakini hufanya ngozi kuwa nyembamba, na ukiiacha muwasho unarudi kwa nguvu. Usoni tumia krimu ya ketokonazoli. Muwasho ukizidi, ongeza haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache tu.

Wiki 4 zikipita bila nafuu, au ukiona magamba manene yametokea pia viwikoni na magotini, muone daktari wa ngozi, huenda ni soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Pima na VVU pia. Wengi wenye mba hawana virusi, lakini mba kali isiyosikia dawa huweza kuwa dalili mojawapo, na kipimo ni bure katika vituo vya serikali.

Kuhusu binti yako, hukumwambukiza mba. Mba haihami kwa kitana. Duara lisilo na nywele kwa mtoto wa umri huo mara nyingi ni mapunye, fangasi mwingine kabisa, na huyo ndiye anayehama kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea. Dawa ya kupaka haifiki kwenye mzizi wa unywele. Atahitaji ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, na wale wawili uende nao wakaguliwe vichwa.