Klasi yangu ya Ruby imekuwa ndefu, niipunguzeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza Ruby, lugha ya kuandikia programu, kwa kutengeneza programu ya duka la vitenge la mama yangu. Nina klasi mbili, Stoo na MstariWaRisiti. Hii ya pili inabeba jina, bei na idadi tu, lakini imefika karibu mistari 30: initialize, metodi 3 za kusoma, na == (ya kulinganisha mistari miwili) niliyoiandika mwenyewe. Kuna njia fupi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Nimeisoma klasi uliyotuma kalamu ikiwa mkononi: neno jina limo mara 7, kuanzia initialize hadi ==. Kesho ukiongeza rangi, utaiandika mara 7 vilevile. Ukiisahau kwenye ==, Ruby hailalamiki; itakuambia kitenge chekundu na cha buluu ni kimoja.

Kama Ruby yako ni 3.2 au ya baadaye, futa yote uandike:

MstariWaRisiti = Data.define(:jina, :bei, :idadi) do
  def jumla = bei * idadi
end

Initialize, metodi za kusoma na == vinakuja vyenyewe. Ukiunda mstari bila bei, programu inasimama palepale kwa ArgumentError. Struct, ndugu yake wa zamani, ingeweka nil (yaani hakuna kitu) na kunyamaza, kosa lije kujitokeza baadaye kwenye kuzidisha.

Tena vitu vya Struct vinabadilika. Niliwahi kuitumia kwenye risiti za duka la viatu. Metodi ya punguzo niliyoiandika usiku ikawa inabadili bei za viatu vilivyokwisha kuuzwa, na hesabu ya jioni ikapungua kila siku ya ofa. Nilihangaika siku mbili kuipata. Kwa Data, mstari.bei = 9000 haipiti kabisa. Unaandika mstari.with(bei: 9000), unapata mstari mpya, na ule wa kwanza unabaki ulivyo. Risiti ndivyo inavyotaka.

Jihadhari na jina tu: ni maandishi, na mtu akiyaongezea kwa << yatabadilika hata yakiwa ndani ya Data. Yagandishe kwa freeze.

Stoo usiihamishe. Idadi ya humo inapungua kila mteja akinunua, na ina kazi zake nyingi. Metodi zake za kusoma zibadilishe ziwe mstari mmoja wa attr_reader, unaoziunda zote kwa mpigo, basi.