Jibu: Kwa nini wanajeshi wa Marekani Japani hawakulipwa dola halisi?

Ndugu, umeuliza kwa nini wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia walilipwa noti za jeshi badala ya dola halisi, na kwa nini noti hizo zilibadilishwa ghafla, tena kwa siku moja. Chanzo ni magendo. Mwanzoni, 1945, askari walitumia yeni za kijeshi, na ziliweza kugeuzwa dola. Askari ananunua katoni ya sigara kwa bei nafuu katika duka la kambi, anaiuza mtaani Tokyo kwa yeni nyingi, kisha yeni anazigeuza dola na kuzituma kwao. Hazina ya Marekani ikawa inalipa zaidi ya mishahara iliyotoa!

Septemba 1946 zikaja hati za malipo za kijeshi, MPC: senti 5, 10, 25 na 50, halafu dola 1, 5 na 10. Hata senti zilikuwa karatasi. Raia wa Kijapani hakuruhusiwa kuzishika, na yeni haikugeuzwa tena dola. Lakini zilivuja hata hivyo, hasa kwenye baa. Dawa yake ikawa siku ya mabadiliko: tarehe ni siri, mageti yanafungwa, kila askari anabadilisha zake ndani ya kambi. Mwenye noti za zamani nje ya geti amebaki na karatasi tupu.

Ukitaka kujua umri wa noti yako, soma namba ya toleo: 461 ni ya 1946, 471 ya 1947, 472 ya 1948, 481 ya 1951. Ukiuziwa ya dola 20 kama ya enzi hizo, kataa. Ilitoka 1968, wakati wa vita vya Vietnam.