Swali la Lugha: Mbona Tausi ni jina la kike?

Swali: Tumejaaliwa mtoto wa kike, na mume wangu anataka aitwe Tausi, jina la marehemu bibi yake mzaa baba. Mama mkwe hataki. Anasema tausi ndiye aliyemwingiza Ibilisi peponi, tena jina lenyewe si la Kiislamu, ni la ndege tu. Mimi nina swali jingine: mwenye manyoya ya kupendeza ni tausi dume, sasa mbona jina hupewa wasichana? Na je, limeshapitwa na wakati? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Neno tausi tumelipata kutoka Kiarabu, ambamo ndege huyu huitwa tawus. Neno hilo la Kiarabu nalo linahusishwa na la Wagiriki, waliomwita taos, na wanaisimu wengi wanaona kwamba hata Wagiriki walilipokea jina hilo kutoka mashariki pamoja na ndege mwenyewe, kwa kuwa kwao hasa ni Bara Hindi na Sri Lanka. Misitu ya Kongo ina tausi wake wa asili, lakini huyo alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1936 tu, na watu wa pwani hawakumtegemea yeye kupata neno. Lilipofika kwetu, neno lilitengenezwa kama yalivyotengenezwa mengi ya jamaa zake: w ya katikati ikamezwa na u inayoifuata, na kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno lifungwe kwa konsonanti, mwishoni ikaongezwa i, kama qamus lilivyokuwa kamusi na jasus likawa jasusi. Lingeishia kwa konsonanti ya midomo tungetarajia u, kama ilivyo katika kitabu na adabu.

Kisa anachokitaja mama mkwe wako hakukitunga yeye. Kimo katika masimulizi ya zamani ya visa vya manabii, ambamo tausi na nyoka wanashirikiana kumpenyeza Ibilisi peponi ili amhadae Adamu. Lakini Qurani inapoeleza habari za Adamu haimtaji tausi popote. Tena, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa kizazi kilichowafuata masahaba, mwanafunzi wa sahaba Ibn Abbas, alijulikana kwa jina la Tawus bin Kaysan. Alikuwa mtu wa Yemen na alifariki Makka mwaka 106 wa Hijria. Baadhi ya wapokezi husema jina lake la kuzaliwa lilikuwa Dhakwan na kwamba Tawus ni lakabu ya kumsifu kwa usomaji wake. Kama jina hili lingekuwa na nuksi, asingelibeba mtu wa aina yake. Kwamba anayelipinga analikataa jina la marehemu mkwewe ni jambo la ukoo wenu, na safu hii haina mamlaka nalo.

Mfano huo huo unalitia nguvu swali lako, kwa sababu Tawus bin Kaysan alikuwa mwanamume. Katika sarufi ya Kiarabu neno lenyewe ni la kiume, ilhali Kiswahili hakigawi nomino kwa jinsia: tausi dume amekuja, tausi jike amekuja, na kitenzi hakibadiliki. Neno lilipovuka bahari liliuacha uanaume wake huko lilikotoka. Hata hivyo, hilo linaeleza tu kwamba njia ya kuelekea kwa wasichana ilikuwa wazi. Halielezi kwa nini ilifuatwa.

Maelezo, kwa maoni yangu, yamo katika majina yanayokaa jirani na Tausi. Yatazame: Lulu, Johari, Zumaridi, Marjani, Waridi, Asumini. Ni vito, maua na manukato, yaani vitu vya thamani na vya kupambia, ambavyo vingi vilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi au vilipata majina yao humo. Tausi aliingia katika orodha hiyo akiwa kipambo cha nyumba za watawala. Shah Jahan, mfalme wa Kimughal wa Bara Hindi, alipotengenezewa kiti cha enzi cha dhahabu na vito, kilichokamilika mwaka 1635, kilikuja kujulikana kwa jina la tausi. Na kwetu, mwaka 2020, baadhi ya tausi wa Ikulu ya Dar es Salaam walitolewa zawadi kwa marais wastaafu. Ndege tunaoishi nao kila siku, kama kunguru, mwewe au chiriku, hawakupata heshima ya kuwa majina ya mabinti, ingawa chiriku anaimba vizuri kumzidi tausi, ambaye sauti yake, tuseme kweli, ni kelele. Aliyemwita bintiye Tausi alikuwa akitaja uzuri na thamani, wala hakuwa na haja ya kuuliza ni ndege wa jinsia gani mwenye mkia mrefu. Washairi na waimbaji wa taarabu walifanya vivyo hivyo walipomfananisha mpenzi na tausi. Wala hatuko peke yetu: Wakabiri wa Algeria nao humwita msichana Taos, na mwimbaji na mwandishi wao mashuhuri, Taos Amrouche, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa mwanamke.

Na kuwa jina la ndege si kasoro: Wakristo pia wana majina ya ndege ambayo wengi hawayatambui kwa sababu yamekuja na Kiebrania chake: Yona ni njiwa, na Sipora, mke wa Musa, ni ndege.

Kuhusu kupitwa na wakati, ni kweli kwamba Tausi limewakaa zaidi akina bibi na mama kuliko watoto wa leo, kwani wazazi wengi wa pwani sasa huchagua majina yenye umbo la Kiarabu lisiloguswa, kama Ilham au Nasra. Lakini halijafa. Yupo mwanamitindo Tausi Likokola, na yupo mchumi Dkt. Tausi Kida, aliyewahi kuiongoza taasisi ya utafiti ya ESRF. Hata anayeomba leseni ya biashara katika halmashauri za Tanzania Bara siku hizi hujaza maombi katika mfumo wa TAMISEMI unaoitwa Tausi.

Mkikubaliana, mwandikisheni Tausi, kwa herufi hizo tano. Tausy, inayoonekana sana mitandaoni, ni pambo tu lisilobadilisha matamshi, na litamsumbua mtoto kila atakapolinganisha cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Tawus nalo si kosa, ila kwa msomaji wa Kiarabu litamleta akilini yule mwanachuoni wa Yemen kabla ya binti yenu.