Kwa nini tunachanganya ethani na mvuke ilhali maji hayamo kwenye mlinganyo

Mleta mada umeuliza: kupasua ethani (kuivunja gesi hii kwa joto kali ili kupata ethilini, C2H4) ni C2H6 → C2H4 + H2, sasa mvuke wa nini? Kuna mdau kajibu kwamba mvuke ndio unaoleta joto. Hapana, ingawa hata mimi niliamini hivyo nilipoanza zamu kwenye matanuru. Mmenyuko unakula takribani kilojuli 137 kwa kila moli ya ethani, na joto hilo kwa sehemu kubwa linatoka kwenye vichomeo vilivyo nje ya mirija inayopitisha gesi ndani ya tanuru. Gesi inafika nyuzi 800 hadi 850 za Selsiasi, na inapita humo kwa chini ya sekunde moja.

Hebu utazame tena mlinganyo wako: molekuli moja inazaa mbili. Mmenyuko wa namna hiyo unapenda presha ndogo. Lakini ukiendesha mirija kwa presha ndogo kuliko ya hewa ya nje, ufa kidogo tu na oksijeni inanyonywa ndani, balaa. Kwa hiyo mvuke unashika nafasi, na sehemu ya presha inayobebwa na ethani inashuka. Theluthi hivi ya uzito wa ethani inatosha. Nafta, yaani mafuta mepesi yatokanayo na petroli, inataka zaidi.

Kisha kuna koki, kaboni ngumu inayoganda ndani ya mirija. Usiku mmoja vali ilikwama, mvuke ukapungua kwenye kundi moja la mirija. Nikadhani kipimo ndicho kibovu, nikakiacha. Siku chache baadaye nachungulia kwenye tundu la tanuru, mrija mmoja una mabaka yanayong'aa kuliko wenzake. Koki imekuwa blanketi: joto haliingii kwenye gesi, chuma ndicho kinachoungua. Tukaliondoa tanuru kazini, tukapitisha mvuke na hewa kuichoma koki, huku tunasubiri kaboni dioksidi ishuke. Sikulala vizuri wiki ile.

Na kusema maji hayamenyuki kabisa si kweli. Kidogo yanaila koki, yanatoa kaboni monoksidi (CO): C + H2O → CO + H2. Nikeli iliyomo kwenye aloi ya mirija huchochea kutokea kwa koki na CO pia, ndiyo maana tunadondosha salfa kidogo kuituliza (ndiyo, salfa ileile ambayo wenzetu wa kusafisha mafuta wanahangaika kuiondoa). CO ikipanda ghafla kwenye kichanganuzi cha gesi, mimi huanzia kwenye pampu ya salfa.