Injini yenye sura: kuijenga kwa ajili ya kamera na kuitunza isioze

Ukitazama vipindi vya zamani vya Thomas the Tank Engine & Friends, vilivyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1984, utaona injini ya treni ya buluu ikigeuza macho kumwangalia mwenzake. Pale hapakuwa na kompyuta. Ni modeli halisi, inatembea kwa mota juu ya reli zenye upana wa milimita 45, na macho yanaendeshwa kwa rimoti. David Mitton aliongoza kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2008 modeli zilitumika kwa mara ya mwisho, sura zikiwa tayari zimeanza kuchorwa kwa kompyuta, na kuanzia 2009 modeli zikawekwa kando kabisa.

Tunayoyaandika hapa ni ya mtu anayetaka kujenga injini ya aina ile, na ya mtu aliyejaliwa kumiliki ya zamani. Tumeyaunganisha kwa makusudi. Modeli nyingi zinazokufa kabatini zilianza kufa mezani kwa fundi, siku alipochagua udongo, gundi au uzito usiofaa.

Kwanza ukubwa. Reli ya milimita 45 huenda na uwiano wa 1:32, yaani mita moja ya treni ya kweli inakuwa milimita 31 hivi. Boila ya injini ndogo hutoka na kipenyo cha milimita 40 hadi 47, na humo ndimo mtambo wa macho unapoingia. Ukijaribu kwenye reli ndogo za milimita 16.5, boila haipokei hata sevo moja (mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayoiamuru), na kamera ikisogea karibu kila chembe ya vumbi inaonekana kama jiwe.

Chesesi, yaani fremu yenye magurudumu na mota, usijenge, nunua. Hata wale wa Uingereza waliweka injini zao nyingi juu ya chesesi za Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za modeli. Reli za kampuni hiyo zina kona za nusukipenyo cha milimita 600 na 1,020. Chukua ya pili, kwa sababu kwenye kona ya 600 pua ya injini hutoka nje ya reli na sura huonekana imepinda. Ongeza uzito mpaka injini isitikisike inapovuka kiungio. Kwa injini ya magurudumu sita ni takriban kilo mbili, zikae juu ya ekseli ya kati. Tumia vipande vya chuma, usitumie risasi. Sababu utaiona mbele.

Mwili ni bati la brasi la nusu milimita. Brasi hukimbiza joto, kwa hiyo kifaa cha kulehemu kiwe na wati 80 au zaidi. Anza viungo vikubwa kwa waya wa kulehemu unaoyeyuka karibu nyuzi 185, kisha vitu vidogo kama vishikio na ngazi kwa ule wa nyuzi 145, ili ukiweka kimoja kingine kisidondoke. Siku hiyohiyo osha mwili wote kwa maji ya uvuguvugu na magadi ya kuokea, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, kisha maji safi, kisha ukaushe. Dawa ya kulehemu ina asidi. Ikibaki kwenye kona, baada ya miaka michache utaona ukungu wa kijani ukisukuma rangi kutoka ndani, na watu wengi hulaumu rangi bure.

Sasa sura, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Kosa la kwanza ni kufinyanga kila sura upya. Ukifanya hivyo matundu ya macho hayatalingana hata kidogo, na sura ya furaha itaonekana kama ya injini nyingine. Finyanga sura moja tulivu, ipime kwa kalipa mpaka uridhike, itolee kalibu, kisha mimina nakala kumi za nta. Kila nakala ibadilishe mdomo, mashavu na nyusi tu. Matundu ya macho na ukingo wa nje usiviguse. Kisha kila nakala itolee kalibu yake ya kumiminia sura ya resini, plastiki ya majimaji inayoganda. Sura saba au nane zinatosha hadithi nyingi: tulivu, furaha, hasira, mshangao, huzuni, kiburi, uchovu, na moja ya usingizi yenye kope zilizofungwa. Usinakili kutoka kwenye nakala iliyokwisha nakiliwa, maana resini na nta husinyaa kidogo kila mara, na kizazi cha tatu hakikai tena kwenye macho.

Udongo wa kufinyangia lazima uwe hauna salfa. Salfa huzuia silikoni ya platinamu, ule mpira wa kumimina wa kutengenezea kalibu, isigande, na utabaki na uteute unaonata juu ya kazi ya wiki nzima. Silikoni inayogandishwa kwa bati haijali salfa, lakini kalibu yake husinyaa kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo haifai kuwekwa kama akiba. Acha kuta za kalibu ziwe na unene wa sentimita moja angalau.

Resini ya polyurethane kwa kawaida huchanganywa nusu kwa nusu, na aina nyingi hukupa dakika tatu hadi tano kabla haijaanza kuganda. Adui yake ni maji. Kwa fundi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar hili ni la kwanza kuzingatia: unyevu wa hewani ukiingia kwenye chupa, resini hutoa gesi na kuumuka kama andazi, na sura hutoka na vitundu. Fungua chupa, mimina, funga papo hapo. Kalibu ipashe joto hadi nyuzi 40 ili unyevu utoke kabla hujamimina. Sura iwe kama barakoa tu, unene wa milimita mbili na nusu hadi tatu.

Macho yakae ndani ya boila, yasishikane na sura. Hapo unaweza kubadilisha sura kati ya shoti na shoti kwa sekunde kumi bila kugusa waya. Tengeneza nusu-tufe mbili za milimita 10, kila moja kwenye mhimili wake wa wima, uziunganishe nyuma kwa kijiti kimoja, na kijiti kishikwe na sevo ndogo ya gramu 9 kwa waya wa milimita 0.8. Nyuzi 25 kila upande zinatosha; zaidi ya hapo weupe hujaa na injini inaonekana imeshtuka. Kati ya jicho na tundu acha nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.5. Mboni zote mbili zielekeze ndani kwa nyuzi mbili hivi, kwani zikiwa sambamba kabisa injini huonekana haimtazami mtu, mawazo yako mbali.

Macho yakitetemeka, fundi huanza kulaumu sevo. Mara nyingi ni kelele za umeme za mota ya magurudumu. Weka kapasita ya nanofaradi 100 katikati ya brashi za mota, nyingine mbili kutoka kila brashi hadi kwenye mwili wa mota, na uipe sevo betri yake peke yake. Kama bado yanatetemeka, tazama tundu la waya kwenye mkono wa sevo, limeshapanuka.

Kushikilia sura, tumia sumaku tatu ndogo kwenye boila na visahani vya chuma nyuma ya sura, zikae pembetatu, moja ikiwa imesogezwa pembeni kidogo ili sura isiweze kukaa upande. Gundi laini ile ya kubandikia karatasi ukutani huacha mafuta yanayopenya rangi, na baada ya miaka utaona duara la njano.

Wakati wa kupiga picha, weka lenzi usawa wa macho ya injini na ufunge tundu la lenzi hadi f/16 au f/22, la sivyo dohani itakuwa na ukungu huku sura iko wazi. Hilo linadai taa kali. Joto la taa za zamani hulainisha resini, hivyo sura isikae mbele ya taa wakati hakuna kinachopigwa. Maji na vitu vinavyoanguka vinahitaji kupunguzwa mwendo: kipeuo cha pili cha 32, ile ya uwiano wetu wa 1:32, ni kama 5.7, kwa hiyo badala ya picha 25 kwa sekunde piga 140 hivi. Mazungumzo ya kawaida hayahitaji hayo. Mafuta ya kutoa moshi hutua kila mahali. Yafute jioni hiyohiyo kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni isiyo na harufu.

Kuhifadhi.

Toa betri, leo. Betri ya alkalini ikivuja hula waya, kisha rangi. Nyanyua injini juu ya vitalu vidogo vinavyobeba fremu ili magurudumu yasiguse chini, maana mipira ya magurudumu ya kuvuta hubonyea ikikaa na uzito mahali pamoja.

Kabati la mbao hutoa mvuke wa asidi, na mbao za maranda huzidi. Mvuke huo hugeuza risasi kuwa unga mweupe unaovimba mpaka unapasua mwili wa modeli kutoka ndani. Kama modeli ya zamani ina risasi na huwezi kuitoa, iweke kwenye kioo na chuma kilichopakwa rangi. Usiizungushie sponji ya godoro, ambayo hunata na kumomonyoka, wala plastiki yenye viputo, ambayo huacha alama za duara kwenye rangi. Karatasi laini isiyo na asidi na povu la polyethilini ndivyo vinavyofaa.

Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usiopandapanda. Kinachofyonza unyevu ni zile punje za silika tunazozikuta kwenye maboksi ya viatu vipya, lakini kwa wingi: gramu 20 kwa kila lita ya boksi, yaani gramu 800 kwa boksi la lita 40 lenye mfuniko mzuri. Weka kipimo cha unyevu ndani na uzikaushe upya kinapopanda.

Vipuri vya zinki vya kumwagwa vikianza kuonyesha nyufa kama za matope yaliyokauka, chanzo ni uchafu wa risasi ndani ya zinki yenyewe, na hakuna dawa. Joto na unyevu huharakisha. Vipime, vipige picha pande zote, vitolee nakala kabla havijabadilika umbo, kisha uhifadhi na vile vya asili.

Na tafadhali usipake rangi upya. Mikwaruzo, matundu ya skrubu yaliyozibwa, tabaka la rangi nyingine chini ya hii, ndiyo kumbukumbu ya namna modeli ilivyotumiwa na ilivyobadilishwa kutoka msimu hadi msimu. Tumeona modeli zilizong'arishwa mpaka haziwezi tena kueleza zilitoka wapi, na inauma. Vumbi liondoe kwa brashi ya manyoya laini huku ukilivuta kwa mashine iliyofunikwa chachi mdomoni, ili kipande kikidondoka ukikute kwenye chachi. Kila sura iwe na kisanduku chake, ilale juu ya kitako kilichofuata umbo la nyuma yake, na nambari yake iandikwe kwenye kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba.