Fundi Anajibu: Pi yangu inaiomba Arduino paswedi

SWALI: Mbukwenyi fundi. Niko Hombolo huku kwenye zabibu, nimefunga Arduino Uno (ile bodi ndogo ya kusoma vihisi) inasoma unyevu wa udongo halafu inatuma kwa Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya Linux) kwa nyaya, pini namba 8, 10 na ya graundi, spidi 115200 pande zote. Nimeweka enable_uart=1, ule mstari wa kuwasha poti ya hizo pini, kama nilivyoelekezwa. Sasa kila nikiwasha Pi, kale kaskrini nilikokafunga kwenye Uno kanajaa maneno marefuu ambayo mi sijatuma, mwishoni eti "login", na namba zangu zinafika Pi nusunusu. Bodi imekufa au?
Msomaji, Hombolo

JIBU: Mbukwa! Bodi haijafa, ila inaweza kufa, kwa hiyo chomoa kwanza waya unaotoka TX (pini ya kutuma) ya Uno kwenda pini 10. Uno inatoa volti 5, pini za Pi zinahimili 3.3 tu. Weka rezista mbili, ya kilo-omu 1 kutoka TX mpaka pini 10 na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hiyo kwenda graundi, umeme utashuka mpaka 3.3 hivi. Waya wa pini 8 uache, Uno inaisoma 3.3 bila noma.

Sasa hayo maneno marefu ni Linux yenyewe inaongea. Poti ya pini 8 na 10 imewekwa iwe konsoli, yaani mlango wa mtu kuingia kwenye mashine kwa waya, na ulipoweka enable_uart=1 mlango ukafunguka. Kwa hiyo Uno ikituma 512, Linux inadhani ni jina la mtu anayetaka kuingia, inamjibu "Password:", na namba yako ya unyevu imeshaliwa hapo, programu yako inaambulia makombo, ndo maana unaona nusunusu, hata ungebadilisha waya mpaka kesho.

Andika sudo raspi-config, ingia Interface Options, halafu Serial Port. Swali la kwanza la login shell jibu No, la pili la hardware jibu Yes (watu wengi wanajibu No zote mbili halafu wanakuja kulia hapa), kisha riboot. Kwenye programu yako tumia /dev/serial0, achana na ttyAMA0 unayoiona kwenye maelekezo ya zamani, maana kwenye Pi 3 ile poti nzuri imepewa Bluetooth na pini zako zimeachiwa ile ndogo, ttyS0. Kwa Uno inatosha kabisa. Ila siku ukifunga kifaa kinachotaka pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), hiyo ndogo haiwezi, na sidhani kama huko shambani una kazi na Bluetooth, kwa hiyo ongeza dtoverlay=disable-bt kwenye /boot/firmware/config.txt (matoleo ya mfumo wa Pi ya kabla ya Bookworm ya 2023 ni /boot/config.txt), zima na hciuart, ile huduma ya Bluetooth, kwa sudo systemctl disable hciuart, riboot, serial0 itahamia yenyewe kwenye poti nzuri.

Ila kusema ukweli, kama Uno iko boksi moja na Pi mi ningetumia waya wa USB tu, habari ya volti inaisha hapo hapo. Itatokea kama /dev/ttyACM0, au ttyUSB0 kama ni zile kopi zenye chipu ya CH340. Uno huwa inajiriset programu ikifungua poti, so ipe sekunde mbili ndo uanze kusoma.

SWALI: Fundi mambo, nikifungua ttyUSB0 naambiwa "Permission denied", naendesha kila kitu kwa sudo. Ni sawa?
Mwanafunzi, Ng'ong'ona

JIBU: Poa. Si sawa, na chmod 666 (ya kumfungulia kila mtu hiyo poti) usiiguse, ukichomoa waya na kuurudisha inapotea. Andika sudo usermod -aG dialout $USER, inakuingiza kundi la dialout lenye ruhusa ya poti hizo, halafu toka kwenye akaunti yako, ingia upya. Usipotoka utaniandikia tena wiki ijayo.